Kidole kwa Kidole: Ukoo wa Mvita na Kipimo cha Shairi

Shairi la arudhi hupimwa kabla halijaandikwa. Mtunzi hulitamka polepole, na kila silabi inayotoka kinywani hupewa kidole chake. Vidole vinane vikiisha, pumzi hutua kwenye kina. Vinane vingine vikiisha, mshororo umekamilika. Mshororo mmoja una mizani 16, ubeti wa mishororo minne una mizani 64, na hakuna hata moja inayoruhusiwa kupotea njiani.

Huku kwetu Songwa, wilayani Kishapu, kipimo kinachotajwa zaidi ni karati, kwa kuwa tu jirani na Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Kipimo cha pili ni cha ngoma. Baada ya mavuno makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu hushindana, na ningi anayeongoza wimbo hupima maneno yake kwa mguu unaokanyaga ardhi na kwa itikio la watu waliomzunguka. Kipimo cha mizani na vina kilitufikia kutoka pwani, kupitia darasani, redioni na kwenye kurasa za magazeti. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilichapa mashairi yaliyotumwa na watu wa kila pembe ya Tanganyika, wengi wao wakiwa na lugha nyingine ya mama. Tulikipokea kipimo hicho kikiwa kimekamilika. Waliokikamilisha ni watu waliokaa nacho nyumbani, mzee akimsikiliza kijana na kijana akimsikiliza mzee, na miongoni mwao ukoo mmoja wa Mvita, yaani Mombasa, unastahili kutazamwa kwa utulivu.

Katika ukoo huo alikuwamo Ahmad Basheikh bin Hussein, mwalimu na mtunzi. Ndiye aliyemlea Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1946, akamtia katika ushairi tangu utotoni. Sehemu ya malezi hayo ilikuwa Faza, katika kisiwa cha Pate. Pate ndiko Bwana Mwengo alikotunga Utendi wa Tambuka mwaka 1728, kwa hiyo mtoto huyo alijifunzia kupima katika kisiwa ambacho tayari kilikuwa kimepima kwa zaidi ya karne mbili. Ndugu zake wakubwa walikuwa Sheikh Abdilahi Nassir, mwanachuoni na mwanasiasa, na Ahmad Nassir Juma Bhalo, ambaye Waswahili wengi wanamjua kwa jina la diwani yake, Malenga wa Mvita. Diwani hiyo ilitoka mwaka 1971, ikiwa imehaririwa na kutanguliziwa na Shihabuddin Chiraghdin. Miaka mitano kabla yake, mwaka 1966, Lyndon Harries alikuwa ameyachapa Marekani mashairi ya Ahmad Nassir pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mwaka 1979 ukafuata Utenzi wa Mtu ni Utu. Katika ukoo huohuo alikuwamo Mohamed Khamis Juma Bhalo, sauti kubwa ya taarabu ya Mombasa, aliyeimba nyimbo nyingi zilizotungwa na Ahmad Nassir. Ukoo mmoja ulikuwa na mlezi wa watunzi, na watunzi, na mwimbaji. Shairi liliweza kuanza kichwani mwa mmoja na kufika kwenye koo la mwingine bila kuvuka mlango wa watu baki, na kila lilipopita lilipimwa upya.

Mambo ya namna hii yapo penginepo duniani. Wahindi waliuhesabu upimaji wa ushairi wa Kisanskriti, unaoitwa chandasi, kuwa moja ya elimu sita zinazosaidia kusomwa kwa Veda, na elimu hiyo ilirithishwa kwa mdomo kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi, mara nyingi kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Kitabu chao kikongwe cha fani hiyo ni cha Pingala. Yeye aligawa silabi mafungu mawili, nyepesi na nzito, kisha akaonyesha jinsi ya kupanga kila mfuatano unaowezekana: silabi moja ina njia mbili, silabi mbili zina nne, na silabi nane zina njia 256. Kiswahili hakipimi uzito. Kwetu silabi zote ziko sawa kwenye hesabu, na kazi huhamia kwenye kituo cha kati na kwenye vina. Hata hivyo mizani za shloka, ubeti ulio maarufu kuliko zote katika Kisanskriti, zinalingana na za kwetu. Ina vipande vinne vya silabi nane, jumla 32, na utenzi wetu nao una vipande vinne vya mizani nane, jumla 32. Waarabu nao walipangiwa bahari zao za ushairi na Al-Khalil bin Ahmad katika karne ya 8. Alizitaja 15, na mwanafunzi wa fani yake, Al-Akhfash, akaongeza ya 16. Watu wa mataifa haya hawakukaa baraza moja, lakini kila taifa lilipata watu waliokubali kutumia umri wao kuhesabu silabi.

Kazi yenyewe inaonekana vizuri zaidi ikifuatwa kwa ubeti mmoja. Nachukua jambo la hapa kwetu: kiangazi, bwawa limepungua, na mvua inanyesha upande wa pili.

Hatua ya kwanza ni kituo. Watunzi wengi hawaanzi na mshororo wa kwanza. Huanza na wa mwisho, kibwagizo, kwa sababu huo ndio utakaorudi kila ubeti na ndio unaotangaza vina vyote. Kibwagizo lazima kiwe kauli nzima yenye kusimama peke yake, tena kiwe na kitu ambacho beti zinazofuata zitakitafuta. Mtunzi hukitamka hadi kikae: Wingu limepita kando, bwawa bado lina kiu. Kisha vidole. Wi-ngu-li-me-pi-ta-ka-ndo, nane. Bwa-wa-ba-do-li-na-ki-u, nane. Kipande cha kwanza huitwa ukwapi na cha pili utao. Kina cha kati kimekuwa -ndo, na kina cha mwisho ni -u.

Hapo mtunzi husita, na kusita huku ni sehemu ya kazi. Anajiuliza kama vina hivyo vitamfikisha. Kina cha -ni ni chepesi mno, kwa kuwa kila mahali panapotajwa huishia kwacho: mjini, shambani, njiani. Anayekichagua hujaza beti kumi kabla ya chai kupoa, na msomaji huzisahau kwa mwendo uleule. Kina cha -u kinachosimama peke yake, kama katika kiu, kina maneno machache: juu, miguu, mbiu, nafuu, kifuu. Uchache huo humlazimisha mtunzi kutazama mambo ambayo asingeyatazama. Akiwa na -ndo anatembea moyoni kupitia mwendo, mkondo, kishindo, upendo, uhondo, tendo. Maneno matatu ya mwisho anayaacha, kwa sababu hayana kazi kwenye bwawa lililopungua. Kina kinapatikana kwa wingi. Kina chenye maana mahali pake ndicho kinachotafutwa.

Sasa mshororo wa kwanza, kifungua. Jicho limeona ng'ombe wakifuata mkondo mkavu. Maneno ya kwanza kuja ni “Ng'ombe wafuata mkondo.” Yanasikika vizuri, na maana imefika. Vidole vinakataa: ng'o-mbe-wa-fu-a-ta-m-ko-ndo, tisa. Asiyezoea kazi hii angesema silabi moja haimdhuru mtu, lakini mwimbaji akifika hapo ataibana pumzi na sauti itajikwaa. Mtunzi anajaribu “Ng'ombe wafata mkondo,” kwa inkisari, ruhusa ya kufupisha neno. Mizani zimetimia, ila neno limekatwa ilhali lipo jingine zima. Ndipo anapopata “Ng'ombe washika mkondo.” Ni nane, na mnyama aliyeshika njia anajua anakokwenda kuliko anayefuata tu.

Mwaka 1947 Mwadui ilitoa almasi ya waridi yenye karati 54.5, na fundi alipomaliza kuikata ikabaki karati 23.6, ikawa ndiyo inayong'aa. Neno “wafuata” lilitupwa vivyo hivyo, likiwa halina kosa lolote.

Utao wake unakuja kwa urahisi: vumbi limepanda juu. Mshororo wa pili, mloto, unamleta binadamu: Mchunga kakaza mwendo. Hapa sikio la Kiswahili linafanya kazi ambayo jicho haliwezi kuifanya. Katika “mchunga,” m inasimama peke yake na kuhesabiwa mizani moja: m-chu-nga. Katika “mbali,” m imeungana na b, haihesabiwi: mba-li. Mtu anayehesabu kwa kutazama herufi atapotea siku ya kwanza. Chukua neno mbuni. Akiwa ndege, ni mizani mbili, mbu-ni. Ukiwa mti wa kahawa, ni tatu, m-bu-ni. Maandishi ni yaleyale, na hakuna wa kukuamulia ila mtu aliyekusahihisha ulipokuwa mdogo. Ndiyo maana sishangai kwamba ustadi huu uliota mizizi katika ukoo. Kitabu hufundisha kanuni, lakini sikio hupatikana kwa kukaa karibu na mwenye sikio.

Pwani ugumu unazidi. Kimvita, lahaja ya Mombasa, kina t mbili, moja ya ulimi kwenye meno na nyingine ya ulimi kwenye ufizi, na tahajia yetu sanifu inaziandika kwa herufi moja. Sisi wa bara tukiwaona watunzi wa Mombasa wakilikataa neno ambalo kwetu linafaa kabisa, ni vema tukumbuke kwamba masikio yao yanasikia tofauti ambayo yetu hayakufunzwa kuisikia.

Tunarudi kwenye mloto. Utao wake wa kwanza ni “jua lachoma miguu.” Mizani ni nane, kina kimekaa, na mvivu angeendelea. Mtunzi anausema tena na kuona kuwa miguu haichomwi na jua. Jua linachoma kisogo, miguu inachomwa na kilicho chini yake. “Mchanga wachoma miguu” ni tisa. “Udongo wachoma miguu” ni tisa. Anakaa nao. Kisha: nchi yachoma miguu. N-chi-ya-cho-ma-mi-gu-u, nane, kwa kuwa n ya “nchi” nayo ina mizani yake. Neno dogo limebeba ardhi yote ya Kishapu. Ubora wa fundi unaonekana hapa, pale ambapo hesabu imeshatimia na yeye bado hajaridhika.

Mshororo wa tatu, mleo, una wajibu wa kuandaa kituo. Kituo kinalaumu wingu, kwa hiyo wingu lisikike kabla halijatajwa: Radi yapiga vishindo, huko mbali kama mbiu. Sasa ubeti mzima unaweza kughaniwa:

Ng'ombe washika mkondo, vumbi limepanda juu,
Mchunga kakaza mwendo, nchi yachoma miguu,
Radi yapiga vishindo, huko mbali kama mbiu,
Wingu limepita kando, bwawa bado lina kiu.

Bado hayajaisha. Wazee wa fani wana maswali mengine. Je, ubeti unajitosheleza, au unategemea ufuatao ili ueleweke? Huo ni utoshelezi. Je, mambo yanafuatana, ng'ombe kabla ya mchunga na ngurumo kabla ya wingu, au yamerundikwa? Huo ni muwala. Vina vimetimia lakini maana imepinda? Mizani imejazwa kwa neno lisilo na kazi? Shairi lenye dosari ya vina au mizani huitwa guni, na mtunzi wa kweli huona haya likitajwa hivyo mbele yake. Kisha shairi huimbwa. Kaluta Amri Abedi, aliyezaliwa Ujiji mwaka 1924, aliuweka uimbikaji katikati ya fani alipoandika Sheria za Kutunga Mashairi, kitabu kilichotoka pamoja na diwani yake mwaka 1954. Alikuwa mtu wa bara kama sisi, na aliyakusanya kwenye kitabu yale ambayo pwani yalikuwa yakikaa vifuani. Kwangu hicho ni kitabu cha adabu ya kazi, hata kama wengine wamekisoma kama kitabu cha amri.

Ubeti mmoja umechukua muda wote huo. Sasa mfikirie mtu anayefanya kazi hii gerezani.

Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla aliandika karatasi ya kisiasa, Kenya: Twendapi?, na mwaka 1969 akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu. Alikuwa na umri wa miaka 22. Sehemu kubwa ya kifungo alikaa peke yake, na mashairi yake aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Karatasi ya namna hiyo haivumilii kufutwafutwa. Ubeti wapaswa kufika juu yake ukiwa tayari, umeshahesabiwa na kurekebishwa na kukaririwa kichwani. Hapo ndipo malezi ya Ahmad Basheikh yalipolipa. Mtu aliyezoeshwa tangu utotoni kubeba mizani 64 kichwani, kuzigeuza na kuzibadilisha bila kalamu, alikuwa na karakana ambayo askari hakuweza kuifunga. Alitoka mwaka 1972, na mwaka 1973 mashairi hayo yakachapwa kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata diwani hiyo ilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga.

Ukiisoma diwani hiyo ukiwa na vidole wazi, jambo la kwanza linalokushika ni kwamba uchungu haujavunja mizani. Humo mna Mnazi: Vuta N'kuvute, shairi la majibizano ya ndugu wawili wanaogombea mnazi. Kila mmoja anajibu ndani ya kipimo kilekile, na kwa sababu kipimo ni kimoja, msomaji anaweza kupima hoja badala ya kupima kelele. Mtu mwenye hasira angeweza kusamehewa kwa kuacha kina kikapotea, lakini Abdilatif hakuomba msamaha huo. Naona kwamba kuhesabu kulimsaidia kubaki mzima, ingawa hilo ni la kwake kulisema. Ninaloweza kulisema ni lile lililo kwenye ukurasa: kazi iliyofanywa taratibu na mtu aliyekuwa na kila sababu ya kuharakisha. Baadaye alikuja Dar es Salaam, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu hadi mwaka 1979, kisha akaenda London, na kuanzia mwaka 1995 akafundisha Kiswahili Leipzig, Ujerumani.

Ukoo huo haukuwa peke yake. Lamu, Ahmed Sheikh Nabhany, aliyeishi kuanzia mwaka 1927 hadi 2017, alifundishwa ushairi na bibi yake, Amina Abubakar Sheikh, naye mtunzi. Mwaka 1979 ilichapwa Sambo ya Kiwandeo, utungo wake unaoeleza jinsi jahazi la Lamu linavyoundwa, kifaa kwa kifaa, hatua kwa hatua. Nautaja kwa heshima ya pekee, kwa kuwa humo fundi wa mizani anamtazama fundi wa mbao na kumpa kila chombo jina lake.

Katika miaka ya 1970 palizuka mjadala mkali kama shairi lazima liwe na mizani na vina. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe hapa Kanda ya Ziwa, alitoa Kichomi mwaka 1974 bila kufuata arudhi, na Kichomi ni kitabu kikubwa. Sioni haja ya kuchagua upande. Lakini mara nyingi mjadala ule uliizungumzia arudhi kama ukuta, na waliokuwa nje yake walidhani kazi ya aliye ndani ni kutii tu. Aliyetafuta “nchi” baada ya kuliacha “jua” anajua kuwa mizani ndiyo iliyomkataza kutosheka mapema.

Kwa hiyo nina neno kwa walimu wenzangu wa Kiswahili, wa Kishapu na kwingineko. Mtihani unamtaka mwanafunzi ataje ukwapi, utao, mloto na mleo, naye anavitaja, kisha anapewa ubeti ausome na anausoma kama tangazo la mnada. Tuyageuze mafunzo. Kabla ya istilahi yoyote, darasa lighani. Kila mtoto afunue vidole, ahesabu silabi za jina lake, za kijiji chake, za methali anayoijua. Atunge kibwagizo kimoja tu na kukaa nacho juma zima. Kisha apewe Malenga wa Mvita na Sauti ya Dhiki avisome kwa sauti, na ikiwa maktaba ya shule haina vitabu hivyo, basi viwe vya kwanza kwenye orodha ya kununuliwa.